Mlango wa Duka la Divai

Vijana wangu, nikiwaambia kwamba mtu aliyenifundisha divai hakuwahi kuionja hata tone, mtadhani natania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mzee Kanti, Mhindu mwenye duka pale Old Korogwe, alizaliwa katika nyumba ambayo nyama haikuingia wala pombe haikuingia, na aliondoka duniani hivyo hivyo. Mpaka leo sijakutana na mtu mwingine aliyeijua divai kama yeye.

Ninyi mnaita waini. Iteni mnavyotaka. Mmekuwa mkiniuliza, hasa ninyi mliomaliza chuo na mnatafuta cha kufanya, ilikuwaje mama wa Kizigua kutoka Chanika, Handeni, ambaye utotoni alijua pombe ya miwa tu, na hiyo kwa kuchungulia, akawa mtu wa chupa zenye kizibo. Nitawaeleza, ila msitegemee nifuate mstari. Kumbukumbu zangu zimekaa kama duka nililofanyia kazi: unaingia kutafuta sabuni, mkono unatoka na kiberiti.

Duka lenyewe liliuza kila kitu. Unga, nyuzi, madaftari, mafuta ya taa, kandambili, tambi. Divai ilikuwa na rafu moja tu kule nyuma, kwa sababu makanisa yaliagiza, mabwana wa mashamba ya mkonge waliagiza, na mara chache baba wa bibi harusi alitaka kuwaonyesha wakwe zake kwamba hata yeye amefika mjini. Mimi niliajiriwa kuuza unga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kupenda uzuri. Nilikuwa na miezi michache tu dukani, Krismasi inakaribia, na Mzee Kanti alikuwa amekwenda Tanga kwenye msiba wa ndugu yake. Siku moja niliitazama ile rafu. Chupa zimelazwa gizani kama wagonjwa, zimefunikwa magunia ya katani yenye unyevu. Nikajiambia, huyu mzee anazika mali yake mwenyewe. Nikazitoa, nikazifuta moja moja, nikazisimamisha kwenye dirisha la mbele linalotazama magharibi. Jua la alasiri lilipozipiga, ukuta mzima wa ndani ukawa mwekundu, na wekundu ule ukawa unatembea polepole juu ya magunia ya unga mpaka ukafika miguuni kwangu. Watu walisimama barabarani. Mwanamke mmoja akaniambia, "Dada, leo duka lenu limekuwa kama kanisa." Nikajiona nimezaliwa kwa kazi ile.

Msiba ulichukua wiki mbili na zaidi. Katikati ya wiki hizo nikamuuzia baba mmoja chupa sita kwa ajili ya harusi ya bintiye. Mzee Kanti alirudi Jumatatu, na yule baba akarudi Jumanne, ameshika chupa moja iliyobaki nusu.

"Mzee," alisema, bila kupandisha sauti, "hii nimewapa wakwe zangu. Wamekunywa, wakatazamana."

Mzee Kanti aliichukua, akaipitisha chini ya pua yake mara moja tu. Kisha akaniita.

"Ester, njoo. Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya nyanya zilizoungulia sufuriani, zikamwagiwa siki.

"Hii umeipika," akasema. "Uliipikia wapi?"

Nikamwonyesha dirisha. Alikwenda, akaigusa chupa iliyobaki pale kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima uji wa mtoto. Halafu akamrudishia yule baba chupa sita nyingine kutoka kwenye boksi jipya, akamwomba radhi mbele yangu kana kwamba yeye ndiye aliyefanya. Mimi nilikuwa nimeshakwenda nyuma kukunja kanga yangu ya akiba na kuitia kwenye mfuko, maana nilijua naondoka.

Akanikuta pale. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Saa ya kufunga bado. Sikiliza. Kuanzia leo divai ni yako. Mtu aliyeipika mara moja hawezi kuipika tena. Nikimweka mwingine, naye ataanza kwa kuipika."

Nilifanya kazi pale miaka inayokaribia thelathini baada ya siku ile. Nimesikia watu wengi wakisimulia mabosi wao walivyowafukuza. Mimi ninayo hii ya kusimulia, na naishukuru kila ninapoikumbuka.

Basi nifundishe kidogo, ili msipoteze muda wenu bure. Chupa yenye kizibo hulazwa. Kizibo kikikaa kikavu kinasinyaa, hewa inapita, na divai inaanza kuzeeka kwa hasira. Ukiona kizibo kimejitokeza hata kwa unene wa ukucha, ujue chupa ile imeona joto mahali fulani, njiani au ghalani, na usiiuze. Itazame shingo ya chupa. Divai ikiwa imeshuka kuliko ya chupa nyingine za boksi moja, imevuja au imepumua. Na kwa joto letu la Korogwe, kama huna mashine ya ubaridi, au unayo na umeme umekatika, chukua magunia ya katani. Katani si kitu cha kutafuta hapa kwetu. Yaloweshe asubuhi, yatundike kwenye dirisha la upande upepo unakotoka, yaloweshe tena saa sita. Chumba kitapoa mpaka mteja akiingia ashushe pumzi. Ninyi mtanunua mashine, najua. Nunueni. Lakini magunia msiyatupe.

Kuionja divai nako kulikuja kwa njia yake. Kila Alhamisi alasiri, wateja wakipungua, Mzee Kanti alifungua chupa moja ya mzigo mpya, akanimiminia kijiko kimoja. Nilikizungusha mdomoni, nikatema kwenye kopo la mchanga. Yeye aliketi mbele yangu kwenye kigoda, ananitazama uso kama daktari.

"Sema."

"Nzuri, mzee."

"Nzuri si neno. Chapati nzuri, mvua nzuri, mke wa jirani mzuri. Inafanana na nini?"

Nikafikiri. "Inafanana na zambarau. Zambarau ambalo halijaiva vizuri. Inaacha ukakasi kwenye ulimi."

Akachukua chaki, akaandika ubavuni mwa boksi: zambarau. Uso wake ulikuwa umefurahi kama mtu aliyeambiwa habari za nchi asiyoweza kwenda. Tangu hapo maboksi yetu yote yalikuwa na majina. Zambarau, ukwaju, embe bichi, ubuyu, asali iliyochelewa. Kuna moja tulilipa jina la "mvua ya kwanza," nami mpaka leo siwezi kueleza kwa nini, ila wateja wawili waliielewa moja kwa moja na hawakutaka nyingine.

Mteja akiniuliza habari za divai, sisomi maneno yaliyobandikwa kwenye chupa. Namuuliza, "Wewe kwenye ukwaju na embe, mkono wako unaanzia wapi?" Hakuna mtu wa mkoa huu asiyekuwa na jibu. Hapo tumeshaanza biashara.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, jina lake silitaji maana wajukuu zake wapo, aliyekuja kununua divai ya meza ya Bwana. Mwanzo alikuja mara moja kwa mwezi. Kisha mara mbili. Kisha kila Jumamosi, na chupa mbili.

"Mzee," nikamwambia siku moja nikizifunga, "naona kanisa lenu linakua."

"Linakua, binti," akasema, hakutikisika. "Linakua sana."

Mzee Kanti aligeuka upande wa nyuzi, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Kuzifunga ndiyo elimu nyingine, na naomba msiidharau. Huu ni mji wa watu waliochanganyika. Anayenunua kwangu atapita mbele ya msikiti, atapita mbele ya baba mkwe wake, atapita mbele ya mwalimu wa mtoto wake. Chupa hufungwa gazeti mara mbili, shingo hukunjwa kwa ndani, na zikiwa mbili huwekewa kitambaa katikati zisigongane. Sauti ya chupa kugongana ndani ya kikapu inasikika mbali kuliko adabu ya aliyeibeba. Mzee Kanti alinifundisha hivi: aliyebeba asione aibu, na anayepishana naye asikereke. Hakusema lipi ni muhimu zaidi, nami sikuuliza.

Sasa nifike kwenye ndoto.

Nyumbani kwangu ni Masuguru. Jirani yangu wa siku nyingi, Mama Anna, alikuwa na binti anayepata kipaimara. Alitaka chupa moja ya divai kwa meza ya mchana, moja tu. Siku hiyo duka la Mzee Kanti lilikuwa limefungwa kwa sikukuu yao, nami nilikuwa Handeni kumwona mama. Mama Anna akachukua kikapu chake, akajitanda kitenge, akaingia baa. Alikuta wanaume mezani.

"Mama," mmoja akamwita, "mzee amekutuma, au umejituma?"

Wote wakacheka. Mhudumu naye akacheka. Mama Anna akageuka, akatoka. Siku ile wageni wake walikunywa juisi ya ukwaju, na ilikuwa juisi nzuri. Aliponisimulia alikuwa akicheka yeye mwenyewe, ila mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

Usingizi ulinipotea kwa sababu ya kile kikapu. Masuguru ungeweza kununua chumvi, dawa ya mbu, betri, sanda. Lakini mwanamke mwenye kikapu chake hangeweza kununua chupa moja ya kuweka mezani kwake mchana kweupe bila kupita katikati ya kicheko. Nikaanza kuliona duka. Dogo. Halina viti, halina muziki, hakuna anayenywa pale. Mtu anaingia, ananunua, anaondoka, kama anavyonunua sukari. Ndoto hiyo nimeibeba miaka ishirini, nikiuza unga na divai ya mtu mwingine. Nilimwambia Mzee Kanti Alhamisi moja, baada ya kijiko. Nilitegemea acheke.

Akauliza, "Mlango wako utatazama wapi?"

Nikafikiri ananichezea. "Mashariki," nikasema. "Jua la asubuhi ni laini. La jioni ndilo linalopika."

"Basi unaweza," akasema, akaosha kijiko.

Hakuliona duka langu. Alipofariki, mwanawe aliamua kulifunga duka na kuhamia Dar es Salaam. Siku ya kufunga aliniita nyuma, akaweka mkono kwenye rafu za mninga tulizoziongeza kwa ajili ya divai, zilizochongwa mashimo ya kulazia chupa. "Baba aliacha neno," akasema. "Hizi ni zako. Nipe siku tu, nikuletee kwa mkokoteni." Nilistaafu hivyo, vijana. Bila hotuba, bila keki. Nikitembea nyuma ya mkokoteni wa rafu tupu kutoka Old Korogwe hadi Masuguru, nimevaa kanga yangu nzuri.

Na sasa kosa langu kubwa, kubwa kuliko la dirisha.

Nilikuwa na kiwanja kidogo ubavuni mwa nyumba. Nikamwita mdogo wangu Mhina, fundi mwashi, kutoka Chanika. Akajenga fremu ya chumba kimoja, ukuta mnene, paa refu, mlango mashariki kama nilivyoapa. Mbele ya mlango huo, hatua kama kumi na tano, ni baraza la Mzee Athumani. Mzee Athumani ni mkulima, Mwislamu mcha Mungu, jirani yangu tangu nilipohamia pale. Tumeombana chumvi, tumezikana, mkewe Bi Mwanaidi alinikanda kwa maji moto nilipojifungua mtoto wangu wa pili. Na kwenye baraza lake, kila alasiri, watoto wa mtaa husoma Kurani.

Mwenyekiti wa mtaa aliniambia mapema: ombi la leseni ya pombe haliendi halmashauri bila muhtasari wa kikao cha mtaa, na kikao kitataka kujua majirani wameridhia. Majirani wanasaini. Nami nilifanya nini? Nikajenga kwanza. Kisha nikaandika karatasi, nikampa mjumbe azungushe.

Majirani wengine watatu walisaini. Karatasi ikarudi, na nafasi ya Mzee Athumani ikiwa nyeupe.

"Amesemaje?" nikamuuliza mjumbe.

"Hakusema. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Akanipa chai."

Niliposikia habari ya chai nikajua nimeharibu. Angetukana, ningepona.

Jioni ile nilikwenda mwenyewe. Nilipiga hodi, nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Upendo," akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. "Keti."

Nikaketi. Akaendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zikidondoka kwenye ungo, nami nikawa nazisikiliza kama mtu anayesubiri hukumu.

"Miaka yote hii," akasema, "ukikosa kiberiti unakuja. Mkwe wako alipougua ulikuja saa kumi alfajiri. Leo una jambo, unaniletea mjumbe?"

"Nimekosa, mzee."

"Karatasi ile nisingeisaini hata ungeileta mwenyewe. Dini yangu hainiruhusu, na wewe unajua. Lakini ungeileta mwenyewe."

Nikasema tena nimekosa. Bi Mwanaidi akatokeza mlangoni, akatutazama, akarudi ndani.

"Haya," Mzee Athumani akasema. "Mlango wako umeuelekeza kwangu. Watoto wangu wakiinua macho kutoka kwenye juzuu, wanaona nini?"

"Wataona chupa."

"Mbona hukuuweka upande wa barabara? Magharibi?"

Nikamweleza. Nilimweleza jua la jioni linavyofanya, kizibo kinavyopanda, harufu ya nyanya zilizoungua. Mkono wake ukasimama juu ya gunzi.

"Divai inaogopa jua?"

"Kuliko mche wa nyanya kitaluni, mzee."

Akacheka kidogo, bila kutaka. "Mimi nilidhani yenyewe ndiyo inayoogopwa."

Nikamwahidi pale pale mambo mawili bila kuombwa: hakuna atakayenywa dukani kwangu wala nje yake, na nitafunga saa kumi na mbili. Akaitikia kwa kichwa. Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya fremu yangu. Nilikuwa nimeijenga sawasawa na elimu yote niliyopewa. Na ilikuwa imekaa vibaya.

Asubuhi nikampigia Mhina.

"Njoo uvunje ukuta wa magharibi. Na huu mlango uuzibe."

"Dada, hii nyumba unaijenga au unaicheza?"

"Njoo."

Alikuja na nyundo na manung'uniko. "Mzee amekataa kusaini," alisema akipima ukuta, "na wewe ndio unamvunjia?"

"Sivunji ili asaini. Navunja kwa kuwa yuko sawa."

"Na divai yako? Si ulisema magharibi inaiva kama makande?"

"Hilo ndilo nimekuitia. Nijengee ukuta mwingine ndani."

Tulichora kwa kijiti kwenye mchanga. Mlango magharibi, halafu hatua tatu ndani, ukuta wa pili unaokatiza chumba, na njia ya kuuzunguka pembeni. Mwanga unaingia, unagonga ukuta ule, unakoma. Nyuma yake ni giza na ubaridi, na humo zilikaa rafu za mninga. Mbele, mteja anapoingia, nilipanga chupa tupu tu, zilizooshwa, moja ya kila aina, zimwonyeshe kilichoko. Jua lizipige linavyotaka. Ninazozipenda ziko nyuma, zimelala. Nawashauri mfanye hivyo hata kama milango yenu inatazama kaskazini. Chupa inayouzwa haina haja ya kujionyesha.

Siku ya pili ya kuvunja, Bi Mwanaidi alivuka na sinia ya mihogo na birika la chai. "Mzee kasema fundi asivunje na njaa," akasema, akatua sinia juu ya matofali. Mhina alikula mpaka sinia ikabaki tupu, na kazi ya mchana ule ilikwenda mbio kuliko ya siku zote.

Kikao cha mtaa kilifanyika Jumamosi, kwenye uwanja wa ofisi. Ajenda zilikuwa nyingi: mtaro, mbuzi wanaozurura, taa. Langu lilikuwa la mwisho. Mtendaji akasoma ombi, akasoma majina ya waliosaini. Kijana mmoja akauliza kama kutakuwa na muziki. Nikasema hapana. Akasema basi yeye hana maslahi, watu wakacheka. Kisha mwenyekiti akakohoa.

"Jirani wa upande wa mashariki hajasaini. Mzee Athumani yupo?"

Alikuwepo, ameketi nyuma, kofia yake nyeupe imenyooka. Akasimama. Miaka ishirini ya ndoto yangu ilikuwa imesimama na yule mzee, na wote pale walijua: akipinga yeye, hakuna atakayemvuka.

"Mimi sisaini," akasema. "Andika hivyo."

Mtendaji akaandika.

"Na andika kwamba sipingi."

Kalamu ikasimama. Mtendaji akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama mzee. "Sasa mzee, tunaandikaje hapo? Hujaridhia, au umeridhia?"

"Ninyi ndio mmesoma. Andikeni." Akatengeneza kofia. "Pombe siitaki, na sitaitaka. Nikisaini, ninasema uongo. Lakini huyu mama alivunja ukuta mzima kabla mimi sijamwambia avunje. Nikimpinga, napo nasema uongo. Basi."

Akaketi. Mtu fulani akapiga makofi mara moja, akaona haya, akaacha.

Muhtasari ule ninao nakala. Umeandikwa hivi: jirani wa mashariki hakusaini na hakupinga. Afisa wa halmashauri aliusoma mara mbili, akaniuliza maana yake, nikamweleza kisa kizima nimesimama mbele ya meza yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nirudi baada ya wiki tatu. Nilirudi baada ya wiki tatu, nikaambiwa tano. Nilirudi baada ya tano, leseni ikawa mezani.

Nilifungua siku ya Jumanne. Niliamka mapema, nikafagia, nikalowesha magunia, nikafungua mlango wa magharibi, nikaketi kwenye kigoda. Hakuna aliyekuja. Saa nne, hakuna. Saa sita, Mama Anna alipitia kunisalimu akaahidi kununua Jumapili, na nikamkatalia kununua siku ile kwa kunihurumia. Saa tisa, hakuna. Nikasikia watoto wakianza kusoma upande wa pili, sauti zao zikipanda na kushuka pamoja. Jua likazunguka, likaja likasimama mlangoni, likazipiga zile chupa tupu.

Karibu saa kumi na mbili Mzee Athumani alikuja kwa njia ya barabara. Hakuwa amewahi kuja upande ule tangu fremu ijengwe. Alisimama mbali kidogo na kizingiti, fimbo mkononi.

"Umeuza?"

"Bado, mzee."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Akatazama barabarani. Watu walikuwa ndio kwanza wanaanza kurudi makwao, wa sokoni, wa maofisini, walimu, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki.

"Wateja wako ndio hawa wanaokuja sasa," akasema. "Na sasa ndio unafunga."

"Ndivyo nilivyokuahidi."

Nyuma ya nyumba watoto walikuwa wakiagana, viatu vinakimbia kila upande.

"Watoto wametawanyika," akasema. "Mimi nakwenda kuswali. Nikitoka huko giza limeingia, na macho yangu yenyewe mabovu, sioni kitu mpaka asubuhi." Akageuza fimbo. "Usikae zaidi ya saa mbili, utaumwa na mbu."

Akaondoka polepole kuelekea msikitini. Nilitaka kumwita, nimshukuru, lakini nilijua ningemharibia. Nikabaki kwenye kigoda, jua linashuka upande wa Handeni, na vumbi la barabara limekuwa la dhahabu.

Mwanamke mmoja kijana, mwalimu kwa mavazi yake, madaftari ya wanafunzi yamejaa mkononi, alikuwa ameshapita. Akarudi hatua mbili. Akatazama chupa, akanitazama mimi, akatazama ndani kama kuna wanaume.

"Shikamoo, mama. Hapa unauza nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nauza divai."

"Naweza kuingia?"

Nikasimama, nikasogeza kigoda changu kutoka mlangoni, apite.